Kabla ya kuuza nyumba ya mjini tukahamie kijijini, tuulizane ardhi ya kule ni ya nani

Ndugu Mhariri,

Mwezi Machi mwaka huu walimu wa wilaya yetu tuliokaribia umri wa kustaafu tuliitwa kwenye semina ya siku mbili ya kutuandaa kwa maisha baada ya utumishi. Tulielekezwa namna ya kujaza fomu za mafao, tukaonywa juu ya matapeli wanaowapigia simu wastaafu wapya, na siku ya pili mtoa mada mmoja akatumia zaidi ya saa nzima kutushawishi kwamba mstaafu mwenye busara hazeekei Dar es Salaam, bali hurudi kijijini akiwa bado na nguvu, akauza nyumba ya mjini au akaipangisha, akajenga kwao, akafuga kuku na kulima mboga. Ukumbi mzima ulimpigia makofi, na mimi nilipiga pia, kwa sababu mengi aliyoyasema yalikuwa ya kweli. Ila nilipokuwa kwenye daladala nikirudi Kimara, neno moja alilolirudia siku ile lilikataa kunitoka: kwenu. Rudini kwenu, jengeni kwenu, mtazikwa kwenu. Wanawake tulikuwa wengi kuliko wanaume katika ukumbi ule, na kwa wengi wetu kijiji tulichokuwa tukiambiwa turudi hakiko kwetu. Kiko kwa waume zetu. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo semina ile haikuligusa, nami naliona ndilo la kwanza kuulizwa kabla familia haijapakia magodoro kwenye lori, yaani ardhi tunayohamia imeandikwa kwa jina la nani.

Mimi nilizaliwa Muheza, mkoani Tanga, nikasomea ualimu, nikapangiwa kazi Dar es Salaam, na huko nikaolewa na mwanamume wa Marangu, mkoani Kilimanjaro. Nimefundisha madarasa ya chini kwa miaka 34, na mwakani natimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Mume wangu alikuwa fundi umeme katika kampuni binafsi na ameacha kazi miaka miwili iliyopita. Yeye ni kitindamimba kwao, na kwa desturi ya Wachagga mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka, pamoja na wajibu wa kumtunza mama. Mama mkwe wangu yu hai, ana miaka 86, na anasubiri turudi. Mungu ametujalia mabinti wawili, wote wameshaanza maisha yao. Hatukujaliwa mtoto wa kiume, na jambo hilo, ambalo Kimara halijawahi kunigharimu usingizi hata siku moja, kijijini lina uzito ambao nitaueleza.

Simshawishi mtu aamini kwamba kijijini ni kubaya. Kihamba cha Marangu ni kazi ya vizazi: migomba juu, mibuni chini yake, magimbi kandokando ya mfongo unaoteremsha maji kutoka msituni, ng'ombe wawili bandani wanaolishwa majani na vigogo vya migomba, na masale yaliyopandwa mpakani tangu enzi za babu, ambayo hakuna mtu anayethubutu kuyang'oa. Mume wangu, ambaye mjini alikuwa akishinda kwenye kochi akilalamikia magoti, kule huamka kabla ya jua, akapita mgomba hadi mgomba akikata majani makavu, akarudi na mkungu wa mshare begani kama kijana. Anajua kila mti ulipandwa na nani. Nimemwona akisimama mbele ya kaburi la baba yake jioni, kimya, kwa muda mrefu, na nikaelewa kwamba hamu yake ya kurudi si tamaa ya maisha ya bei nafuu, bali ni kitu ambacho mimi pia ninacho kwa Muheza, isipokuwa mimi sikupewa mahali pa kukirudishia. Kaka zangu waligawana shamba la minazi na michungwa la marehemu baba yetu mwaka ule ule tuliomzika, na sisi mabinti tulipewa shuka na vyombo.

Na Dar es Salaam inachosha, wala sihitaji kuwaeleza wasomaji wako. Mtaani kwetu maji tunanunua kwa dumu pale bomba linapokauka, na ninapokwenda kliniki mjini natumia nusu siku njiani. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728, maana yake ndani ya miaka kumi tumeongezewa zaidi ya watu milioni moja kugombea barabara na visima vile vile. Mtu wa miaka 60 ana haki ya kutamani kuondoka.

Pamoja na hayo, tulikubaliana tusikate shauri bila kujaribu, na jaribio lenyewe ndilo lililonifumbua macho. Sisi tulio mijini tunakijua kijiji cha Desemba. Wenzetu wa mikoa mingine hututania kwamba Wachagga huenda Desemba kuhesabiwa, na ni kweli kwamba mwezi ule kila nyumba ina moshi, kila boma lina mbuzi wa kuchinja, magari yamejaa uani, vijana wanacheka barabarani hadi usiku, na mtu anaondoka Januari akiamini kwamba maisha ya kule ndivyo yalivyo. Mwaka jana mume wangu alikwenda Marangu mapema, masika yalipoanza, nami nikamfuata likizo ya Juni nikakaa naye wiki nne. Juni na Julai Marangu ni ukungu na manyunyu, na zipo siku jua halionekani hadi saa nane mchana. Nguo zilikaa kambani siku nne bila kukauka. Saa moja usiku kila mtu ameshafunga mlango. Kutoka barabara ya lami hadi kwetu kuna nyumba 13, na nilizihesabu mchana mmoja nikiwa natoka dukani: tisa zilikuwa zimefungwa. Ni nyumba nzuri, nyingine za vigae na vyumba vitano, zilizojengwa na watoto wa Marangu walioko Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo, na kwenye kila moja utakuta mlinzi anaota moto jikoni, au hakuna mtu kabisa. Majirani waliobaki ni vikongwe, na wajukuu walioachiwa walee. Takwimu zinasema hivyo hivyo kwa upana: wakati Tanzania ilipanda kutoka watu milioni 44.9 mwaka 2012 hadi milioni 61.7 mwaka 2022, mkoa wa Kilimanjaro ulitoka milioni 1.64 hadi milioni 1.86 tu. Watoto wa kule wanazaliwa, wanasomeshwa, wanaondoka.

Katika wiki ya tatu, usiku wa manane, presha ya mume wangu ilipanda akawa hawezi kusimama. Zahanati iliyo karibu hufungwa jioni. Mvua ilikuwa imefanya njia ya udongo kuwa telezi, na kijana wa bodaboda niliyempigia alikataa kuteremka. Nilizunguka nikigonga kwenye nyumba za jirani, nikakumbuka kwamba tatu za kwanza hazina mtu, na mwisho nikapata mzee mmoja mwenye pikapu ambaye aliamka, akavaa koti, akatupeleka hospitali bila kudai hata fedha ya mafuta. Mume wangu alipona. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama kijiji fulani kinafaa kuhamia, simwulizi kuhusu hewa wala rutuba. Namwuliza ni nani mwenye gari aliye macho saa nane ya usiku, na hospitali kubwa iko umbali gani. Sisi tuna bahati kwamba KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa 1971, ipo Moshi, karibu kilomita 40 kutoka kwetu. Mstaafu wa Makete au Ngara ana hesabu nyingine kabisa, na semina iliyotupa sote ushauri mmoja haikumtendea haki.

Juu ya fedha nitasema kwa ufupi, maana ndilo jambo lililozungumzwa vizuri semina ile. Watumishi ambao zamani mkupuo wao, yaani fedha inayolipwa mara moja mtu anapostaafu, ulikuwa asilimia 50 ya mafao waliona kikokotoo, yaani kiwango hicho, kikishuka hadi asilimia 33 kuanzia Julai 2022, kisha bajeti ya 2024/25 ikakipandisha hadi asilimia 40. Fedha ya mkono mmoja imepungua kuliko waliyopata dada zetu waliotutangulia, na sehemu kubwa zaidi inakuja kidogo kidogo kila mwezi. Kwa anayehamia kijijini hilo si baya, kwa kuwa pensheni ya mwezi inatosha zaidi kule kuliko Kimara, lakini maana yake ni kwamba ule mkupuo ni mdogo mno kuchezewa. Kahawa iliyosomesha ukoo mzima wa mume wangu enzi za baba yake haina nguvu hiyo tena kwenye kihamba cha ekari moja na robo. Mibuni ya zamani inashambuliwa na chule buni, na aina mpya zinazostahimili ugonjwa huo, zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Lyamungo, zinahitaji kama miaka mitatu kabla ya mavuno ya kwanza, na hakuna kijana wa kupalilia kwa sababu vijana wako kwenye bodaboda au wako Dar es Salaam wanapangisha chumba jirani na kwangu. Wengi sasa wanang'oa kahawa wapande parachichi. Sina ugomvi na parachichi. Ninachosema ni kwamba anayekwenda kijijini aende akijua atakula nini miaka mitatu ya mwanzo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Desemba iliyopita, baada ya ibada ya familia, shemeji yangu mkubwa alitoa hoja mbele ya ndugu wote kwamba, kwa kuwa tumeamua kurudi, tuuze nyumba ya Kimara, fedha ile ijenge nyumba ya kisasa kihambani mahali ilipo nyumba ya mama, na itakayobaki ianzishe mradi wa parachichi. Alisema kwa nia njema. Shemeji huyu ndiye aliyesimamia harusi yetu, na hakuna siku amenivunjia heshima. Ndugu walikubali kwa vichwa, mume wangu akanitazama, na mimi nikasema naomba muda. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka 31 ya ndoa kusema neno la kuzuia mbele ya ukoo, na sauti yangu ilitetemeka.

Nyumba ya Kimara tuliijenga kwa miaka tisa. Nilichukua mikopo miwili ya mshahara, nikauza maandazi shuleni wakati wa mapumziko, nikashika ndoo ya zege siku fundi alipokosa vibarua. Kiwanja kile tulinunua wawili na majina yetu yote yapo kwenye karatasi. Kihamba ni cha ukoo. Hakina karatasi yoyote zaidi ya masale na kumbukumbu za wazee, na kwa kumbukumbu hizo mimi ni mke wa fulani, si mwenye ardhi. Nikichukua tofali langu la Kimara nikalijenga juu ya ardhi ile, limeacha kuwa langu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; mimi jembe nimepewa tangu mwaka nilioolewa na nimelima nalo kila likizo, na bado sijajua ni siku ya ngapi mgeni huacha kuwa mgeni.

Hofu hii si ya kujitungia. Sheria za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, ambazo hadi leo zinatajwa mabarazani watu wanapogombea mirathi, zinasema mjane hana sehemu katika urithi iwapo marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Kwa mabinti zinasema wanaweza kuitumia ardhi ya ukoo katika maisha yao bila kuiuza. Mke mwenye watoto wa kiume anajua kwamba, sheria hizo zikifuatwa, walau atabaki kwa mgongo wa mwanawe. Mimi nina mabinti wawili walioolewa, mmoja Mwanza na mwingine Iringa. Mume wangu akitangulia, kihamba kinaelekea kwa mtoto wa kaka yake, kijana mzuri ninayempenda, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, na ambaye siku moja atakuwa na mke atakayetaka jiko lake.

Lakini sheria za nchi yetu haziishii 1963, na hapa ndipo ninapolaumu semina za wastaafu, kwa sababu tungeweza kufundishwa mambo haya kwa dakika kumi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama nyumba imeandikwa kwa jina lake peke yake. Maana yake nyumba ya Kimara haiwezi kuuzwa nikikataa, na kukataa kwangu si ukaidi bali ni haki niliyopewa nikiwa na miaka minne. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Sheria hiyo hiyo inaipa hati ya hakimiliki ya kimila hadhi sawa na hati ya mjini, na inaruhusu familia kuomba hati hiyo kwa pamoja, ombi likisainiwa na watu wasiopungua wawili wa familia hiyo. Ombi linapelekwa Halmashauri ya Kijiji. Mgogoro ukizuka linaanza Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao kati yao watatu lazima wawe wanawake. Sijaona kwa nini mtu aliyeandaliwa siku mbili juu ya kuku wa mayai asielezwe hilo.

Wako watakaosema kwamba kuandika jina la mke kwenye kihamba ni kuuza ukoo. Nawaomba wakumbuke kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990. Holaria Pastory alikuwa mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipoona anazeeka na hana wa kumtunza, akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo, na Bernardo Ephrahim, mtoto wa ndugu yake, akaenda mahakamani kudai kwamba mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Jaji James Mwalusanya alitumia Katiba kusema kwamba mila inayombagua mwanamke hivyo haikubaliki, na mauzo yale yakabaki halali. Kesi hii hutajwa sana kwa upande wa haki za wanawake, nami nakubali, ila kila nikiisoma jicho langu linaishia kwenye sababu ya mauzo: bibi yule alizeeka bila mtu. Ukoo uliokuja kudai ardhi haukuwa umekuja kumtekea maji. Mimi sitaki kufika pale. Sitaki kuuza kihamba cha mtu. Nataka tu nisiwe na haja ya kumwomba mtu ruhusa ya kuzeekea ndani yake.

Kuna jambo lingine ambalo wanaume wanaopanga kurudi nyumbani hulisahau, nalo ni kazi ya kutunza wazee. Mama mkwe wangu anahitaji kuogeshwa, kupikiwa mtori laini, kugeuzwa kitandani siku mgongo unapouma, kukumbushwa dawa. Mume wangu anampenda mama yake kwa moyo wote, lakini kwa mila zetu zote mbili, ya Kibondei na ya Kichagga, mwana hawezi kumwogesha mama yake, na mawifi wapo mbali. Ukoo unaposema "mrudi", nusu ya neno hilo ina maana mimi nirudi nimwogeshe mama. Nitamwogesha, tena kwa furaha, maana alinipokea binti wa pwani nisiyejua hata kumenya ndizi na akanifundisha bila kunicheka. Juni ile, usiku mmoja nikimpaka mafuta miguuni, aliniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mwanangu, hapa nilikuja nikiwa msichana, na mpaka leo wakigawa mipaka hawaniiti." Ana miaka 86. Amekaa kihambani miaka 66. Sikuwa na la kumjibu, nikaendelea kumpaka mafuta.

Nchi hii imejaribu njia nyingi za kuwarudisha watu vijijini. Mwaka 1983, chini ya sheria ya nguvukazi, watu walioonekana hawana kazi Dar es Salaam walikamatwa na kupelekwa mikoani, na wengi walirudi, kwa kuwa mtu hakai mahali asipokuwa na mizizi kwa sababu tu ameshushwa hapo. Mstaafu wa leo hakamatwi na mtu, anashawishiwa na kikokotoo na semina, lakini akifika asipokuwa na haki mahali pale naye atarudi mjini, safari hii akiwa na miaka 70 na hana tena nyumba. Namkumbuka Mwalimu Nyerere, ambaye baada ya kung'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama akalima, na watu wengi humtaja kama mfano wa mstaafu anayerudi kwao. Ni mfano mzuri, nami naupenda. Ila alirudi kwao hasa, alikozaliwa, na makazi yake ya Msasani hayakuacha kuwepo.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandaa semina hizi waite wenza wote wawili, si mtumishi peke yake, na wampe afisa ardhi nusu ya muda wanaompa mtaalamu wa kuku. Walimu wenzangu mnaostaafu, msiuze nyumba ya mjini katika miaka miwili ya kwanza, hata ikiwa imechakaa. Pangisheni vyumba, mkae kijijini masika moja na kipupwe kimoja, ndipo mzungumze habari ya kuuza. Na wanaume, waume zetu, nawaomba msisubiri mke aulize. Swali hili likitoka kinywani mwa mwanamke mbele ya ukoo linasikika kama anamtabiria mumewe kifo, na wengi wetu tunanyamaza kwa sababu hiyo tu. Likitoka kinywani mwa mume linasikika kama mapenzi.

Wangu, namshukuru Mungu, ameuliza mwenyewe. Baada ya semina nilimweleza haya yote usiku mmoja umeme ulipokatika, na alikaa kimya hadi uliporudi. Kesho yake alimpigia simu shemeji, wakazungumza kwa Kichagga muda mrefu, nikasikia jina langu mara kadhaa. Shemeji hakukubali wala hakukataa. Amesema jambo hili ni la kikao cha wazee, na kikao kitakaa Desemba hii watu wakiwa wamerudi. Nyumba ya Kimara haiuzwi. Mume wangu ameshatembelea ofisi ya kijiji kuuliza kama masjala ya ardhi iko tayari, na amerudi na fomu ya maombi ya hati ya kimila. Tumeiweka kabatini pamoja na vyeti vya mabinti zetu. Wazee wakiridhia tutaisaini wawili, na nikimaliza utumishi mwakani nitapanda Marangu nikamtunze mama. Wasiporidhia, mume wangu atakwenda na kurudi, nami nitabaki Kimara, nikimpokea mama hapa kama atakubali kuja. Upande wangu wa fomu nimeshaujaza.

Wako,
Mwalimu wa shule ya msingi,
Kimara, Dar es Salaam